Mchezo mpya, ordinatere ya zamani: pima mbele ya kutoa franga



Mwezi huu barua iliyo juu ya meza yetu imetoka Mudaka. Aliyeiandika ni kijana wa miaka 22 anayebeba watu kwa pikipiki kati ya Mudaka na Kavumu, na mbele ya hapo alifanya miezi minane ndani ya mashimo ya Numbi. Ameweka franga kidogo kidogo, likelemba juu ya likelemba, mpaka zikafika dola 240. Sasa anataka kufungua chumba cha michezo pale senta, karibu na soko, ili vijana walipe na kucheza mpira wa ordinatere. Huko Bukavu amepata mashini moja ya mutumba, ile ya kubeba mkononi, kwa dola 180. Anauliza hivi, nasi tunaandika kama alivyoandika mwenyewe:

«Mwalimu, ile mashini iko ya zamani kidogo lakini ni Core i5 na iko na RAM 8. Mwenye kuuzisha anasema mchezo ya mpira ya sasa itaingia bila shida. Mi nitajua aje kama ni kweli mbele nitoe franga? Mama anasema ile franga njo ya minervali ya wadogo wangu, nikiipoteza nisirudie kwake.»

Barua hii si ya mtu mmoja. Vijana wengi wakitoka mgodini na franga mfukoni, kitu cha kwanza wanachofikiri ni telefone, pikipiki, au chumba cha michezo. Na wazazi, tangu shule za msingi za serikali ziwe bila malipo mwaka 2019, mzigo wao umebaki kwenye sekondari, tena ni mzito. Halafu mwezi wa Februari 2025 benki za Bukavu zilifunga milango, na wengi wetu tulijifunza siku zile kwamba franga iliyo mkononi ni ya kushikwa kwa vidole vyote. Kwa hiyo dola 180 si kitu cha kuchezea, hata kama ni za mchezo.

Tumpe kwanza jibu fupi, maana mama yake anangoja: hapana. Mashini ile haina nguvu za mchezo mpya wa mpira. Lakini tukisema «hapana» tu, kesho muuzaji mwingine atamwonyesha mashini nyingine naye atatuandikia tena. Afazali ajue kupima mwenyewe.

Wewe unajua kupima

Wewe msomaji wa Numbi, wa Nyabibwe, wa Kamituga, nikuulize: nani kati yenu ananunua mfuko wa kasiterite kwa kutazama mfuko? Hakuna. Unaingiza mkono, unainua kidogo usikie uzito, kwani kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Unaosha ndani ya beseni, mchanga unakwenda, kizito kinabaki. Unapitisha sumaku ili chuma kijitenge. Na ukifika kwa komtuari, watapima teneri kwa mashini. Maneno ya muuzaji unayasikia kwa heshima, lakini huyalipi.

Basi ile karatasi ndogo ya rangi iliyobandikwa juu ya ordinatere, yenye kuandikwa «Core i5», ni mfuko tu. Teneri iko ndani.

Tena mashini hizi hazitoki mbali nasi kama tunavyofikiri. Koltani ya milima yetu inatoa tantali, na tantali inatengeneza vipande vidogo sana vinavyotunza umeme ndani ya telefone na ordinatere. Wazee wa Mudaka na Miti wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafula, wakulima wakaacha maharagi shambani wakaenda kuchimba, wengine mpaka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwaka ule ule mashini ya michezo PlayStation 2 ilitoka Ujapani, mwezi wa Machi, na magazeti ya Ulaya yakasema njo iliyopandisha bei. Kwa kweli telefone zilikuwa na sehemu kubwa, pamoja na viwanda vilivyoogopa kukosa mali vikanunua kupita kiasi. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na shamba lililoachwa halikuwa na maharagi. Mimi husema tuliwahi kulipia mchezo wa wengine. Sasa tusilipie wetu mara mbili.

Karatasi ya mchezo

Kila mchezo wa ordinatere unaouzwa kwa haki huwa na karatasi yake. Wenye kuutengeneza wanaandika: mchezo huu unaomba prosesa fulani, memwari kiasi fulani, karti grafiki fulani, nafasi fulani ya diski. Ni safu mbili. Ya kwanza ni kiasi cha chini kabisa, ya pili ni kiasi kinachoshauriwa. Kiasi cha chini maana yake mchezo utafunguka na utasogea, lakini mara nyingi kwa picha duni. Mtu anayecheza nyumbani peke yake atavumilia. Mteja aliyelipa franga zake kwa dakika kumi hatavumilia, atavuka barabara aende kwa jirani. Kwa hiyo wewe wa chumba cha michezo soma zaidi safu ya pili.

Tuchukue mchezo wa mpira ambao vijana wote wanaujua. Zamani uliitwa FIFA, tangu mwaka 1993. Mwaka 2023 kampuni ya EA na FIFA ziliachana, mchezo ukabadilisha jina, wa kwanza kwa jina jipya ukawa EA Sports FC 24. Karatasi yake ya chini inaomba hivi: Windows 10 ya biti 64; prosesa Core i5-6600K ao Ryzen 5 1600; memwari giga 8; karti grafiki GTX 1050 Ti ao RX 570, yenye giga 4 zake yenyewe; na diski giga 100. Safu ya pili inapandisha memwari mpaka giga 12. Na iliyofuata haikuwa miepesi kuliko huo.

Utaona haraka namna mambo yanavyopanda. Mchezo wa Doom wa mwaka 1993 uliridhika na memwari ya megabaiti 4. GTA San Andreas ya mwaka 2005 iliomba 256. (Wazazi, GTA haikutengenezwa kwa watoto, hata kama watoto njo wanaoijua zaidi, msikubali ichezwe mbele ya wadogo.) PES 2013 iliomba giga 1. GTA V ya mwaka 2015 iliomba giga 4. FC 24 giga 8. Kutoka Doom mpaka FC 24 ni miaka 30, na memwari imepanda zaidi ya mara 2.000. Mashini ya mwaka 2012 haikupata ugonjwa wowote. Inafanya kazi ile ile iliyoifanya ikiwa mpya. Michezo njo imeihama.

Kusoma ndani ya mashini

Sasa andika karatasi ya mchezo kwa mkono, uitie mfukoni, uende kwa muuzaji. Mwambie kwa heshima: «Mkubwa, niwashie niangalie.» Ikiwaka, gusa kwa pamoja batani yenye alama ya Windows na herufi R. Dirisha dogo linafunguka. Andika dxdiag, gusa Enter. Ukurasa wa kwanza unakuonyesha jina lote la prosesa, memwari, na Windows gani. Ukurasa unaofuata, ule wa skrini, unakuonyesha karti grafiki. Hiyo haina gharama, haihitaji intaneti, ni dakika mbili. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, umekwisha kupata jibu lako.

Kijana wetu alituletea picha ya kurasa hizo kwa telefone, na hapo tulimsifu. Imeandikwa: Core i5-3320M, memwari giga 8, diski 500, Intel HD Graphics 4000, Windows 10. Tupime sehemu moja moja.

Memwari: mchezo unaomba 8, mashini iko na 8. Imepita, lakini bila baki. Diski: inaombwa 100, iko na 500. Imepita, kama haikujazwa filamu za mwenyewe. Windows: imepita, ni ya biti 64. Muuzaji alitaja memwari na diski tu, na hakusema uongo.

Prosesa: hapa vijana wengi wanadanganyika. Mchezo unaomba «Core i5», mashini iko na «Core i5», basi wanapeana mikono. Hapana. Jina ni la ukoo, namba njo ya mtu mwenyewe. Namba ikiwa ya tarakimu nne, mara nyingi ile ya kwanza inaonyesha kizazi. 6600K ni wa kizazi cha sita, wa mwaka 2015. 3320M ni wa kizazi cha tatu, wa mwaka 2012. Herufi M inasema ni prosesa ya mashini ya kubeba, iliyopunguzwa ili isile batri. Na zaidi: ile ya mchezo iko na viini vinne, hii ya Bukavu iko na viwili. Ni kama kupeleka vijana wawili kubeba mzigo wa vijana wanne. Watafika, lakini saa ngapi? Kumbuka pia kwamba i7 ya zamani yaweza kushindwa na i5 ya juzi. Usipigie magoti herufi na tarakimu iliyo mbele, soma zote.

Karti grafiki njo shimo lenyewe. Hii ndiyo sehemu inayochora picha: majani ya uwanja, jasho la mchezaji, watu elfu wanaopiga makofi. Karti kamili iko na memwari yake yenyewe, pembeni ya ile ya mashini. FC 24 inataka giga 4 za namna hiyo. Sasa HD Graphics 4000 si karti ya pekee. Ni kipande kilichomo ndani ya prosesa, hakina memwari yake, kinaazima ile ya mashini. Ndani ya dxdiag utaona mstari unaosema «memwari yote kwa makadirio», na pale huenda imeandikwa giga 1 na zaidi, hata 2. Muuzaji atakuonyesha mstari huo kwa kidole. Usitazame hapo. Tafuta mstari wa memwari ya skrini peke yake, VRAM. Kwa mashini hii utakuta megabaiti chache tu. Yaliyobaki ni deni, yametolewa kwa zile giga 8 ambazo tulisema zimepita bila baki. Ukihesabu vizuri, hata memwari haikupita tena.

Na jambo la mwisho juu ya karti: ndani ya mashini ya kubeba, karti haibadilishwi. Memwari unaweza kuongeza, diski unaweza kubadilisha, karti ya namna hii hapana. Kwa hiyo kosa hili halina dawa. Sehemu tano zikipimwa na moja ikakataa, mchezo umekataa. Zile nyingine hazimlipii mwenzao.

Mtu ataniambia: «Lakini mwalimu, mimi nimeona FC kwenye mashini kama hiyo, hapa hapa Bukavu!» Nakuamini kwamba umeona kitu. Wako watu wanaochukua PES 2013, wanaibadilishia jezi, majina ya wachezaji na picha ya mlango, wanaiita mchezo wa mwaka huu. Nimeona vijana wakicheza kwa furaha kubwa. Namna ya kutambua ni uzito: mchezo wa kweli unaomba nafasi ya giga 100 kwenye diski, na unaomba intaneti ili ufunguliwe. Ukiletewa ndani ya ufunguo wa USB wa giga 16, ujue ni mzee aliyevaa koti jipya. Na mara nyingi mzee huyu anakuja na virusi.

Kupunguza picha

Kuna njia ya kusaidia mashini dhaifu, na inafaa kuijua. Ndani ya mchezo kuna ukurasa wa kupanga picha. Picha ya 1920 kwa 1080 iko na nukta zaidi ya milioni 2. Picha ya 1280 kwa 720 iko na nukta karibu 920.000, yaani chini ya nusu. Karti inapata nafuu kubwa, na mbio za picha zinapanda. Mchezo wa mpira ukionyesha picha 60 kwa sekunde, mkono na jicho vinaelewana; kwa 30 unachezeka; chini ya hapo mpira unaruka-ruka kama sinema yenye kukatika.

Lakini sikia vizuri: kupunguza picha kunasaidia karti peke yake. Hakusaidii prosesa, na memwari kidogo sana. Hapo unapata kipimo ambacho mafundi wengi hawakwambii. Chukua mchezo wowote ulio tayari ndani ya mashini. Ucheze kwa picha kubwa, kisha kwa picha ndogo. Ukiona mbio zimepanda, aliyekuwa akichelewesha ni karti. Ukiona hakuna kilichobadilika, ni prosesa. Basi unajua mgonjwa ni nani, na unajua kama dawa iko.

Tena usipime kwa dakika tano. Mashini baridi inakimbia kama mbuzi wa asubuhi. Ikipata joto, prosesa inajipunguza yenyewe ili isiungue, na mchezo uliokuwa mzuri unakuwa mzito. Mashini za mutumba zina vumbi ndani ya feni, zingine tangu Ulaya. Nusu saa, si chini. Weka mkono pale hewa inapotokea. Ikiwa joto ni kali na hewa ni ndogo, kuna kazi ya kusafisha na kubadilisha pasta ya prosesa, nawe uipunguze kwenye bei.

Ile ya meza je?

Mwishoni mwa barua kijana anauliza kama mashini ya meza ingekuwa bora. Swali zuri. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo ofisi nyingi za Ulaya zilikwisha kuitupa na sasa inazunguka Afrika. Mara nyingi iko na Core i5-3470, kizazi cha tatu tena, lakini yenye viini vinne. Ndani yake kuna nafasi ya kutia karti ya kweli. Ile GTX 1050 Ti inayoombwa na mchezo inakula wati 75 hivi, na ziko za aina fupi zinazoingia hata katika sanduku jembamba, bila waya wa pekee wa umeme. Ukifanya hivyo, karti imepita, memwari imepita ukiongeza, diski imepita. Prosesa bado iko chini ya karatasi, ingawa si mbali kama ile ya kwanza.

Itacheza? Pengine, na picha ndogo. Mimi nisingetia humo franga ya minervali. Mwenye duka aliyekwisha kula na kushiba anaweza kujaribu bahati. Mtu wa dola 240 hapana. Na ongeza kwamba Windows 10 yenyewe ilikwisha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi hicho. Duka la michezo la Steam nalo liliacha Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024. Kwa michezo ya zamani hilo halina neno. Kwa michezo mipya ni mlango unaofungwa pole pole.

Halafu kuranti. Hesabu hii fanya mbele ya kila kitu, maana Mudaka si jioni zote taa inawaka. Mashini ya meza pamoja na karti na skrini, mchezo ukiendelea, weka wati 150. Batri ya volti 12 na ampea 100 inatunza wati-saa 1.200, lakini batri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua. Inabaki 600. Gawanya kwa 150, ni saa 4. Kifaa cha kugeuza umeme nacho kinakula chake. Sema saa 3 na kidogo. Mashini ya kubeba, kwa wati 50 hivi, batri ile ile itakupa saa 10. Kwa hiyo mashini yenye nguvu inaweza kukuletea wateja wengi na saa chache. Grupe ya esanse? Weka bei ya litre kando ya bei ya dakika kumi, utaona mwenyewe nani anachezea nani.

Na intaneti: giga 100 kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni saa 111, yaani siku nne na nusu na zaidi. Ukinunua megabaiti za telefone, hesabu bei yake mwenyewe kwa kadi unazozijua. Mimi nilipoihesabu nilifunga daftari.

Niseme pia kosa langu, usifikiri mimi nilizaliwa najua. Miaka iliyopita nilinunua kipande cha memwari cha giga 4 ili nipe nguvu ordinatere yangu ya kubeba. Nilitazama «giga 4» tu. Nikafika nyumbani, nikafungua mashini, kipande ni kirefu mara mbili ya nafasi: kilikuwa cha mashini ya meza. Nikarudi, muuzaji akakataa kurudisha. Nikamwomba anibadilishie, akanipa kifupi, lakini kilikuwa DDR4 na mashini yangu ni DDR3. Meno yake hayakuelewana na shimo. Sasa kiko ndani ya kabati na mke wangu anakiita «kitana».

Tulimjibu kijana wetu kwa karatasi ya mistari mitano. Kwa mashini ya dola 180: mchezo mpya wa mpira, hapana. PES 2013, ndiyo, kwa kuwa inaomba Pentium 4, giga 1 ya memwari na giga 8 za diski, na mashini hii inazidi hayo yote kwa mbali. Tukamwambia pia kwamba iko njia isiyohitaji kupima namna hii: mashini ya PlayStation. Diski iliyotengenezwa kwa PlayStation 3 inacheza ndani ya kila PlayStation 3 iliyo nzima, maana zote ziko na nguvu sawa. Mchezo wa mwisho wa FIFA kwa mashini hiyo ulikuwa FIFA 19, na wa PES ulikuwa PES 2018. Hautakuwa mpya, lakini hautakataa.

Alikwenda Bukavu na karatasi yake. Muuzaji alisoma mistari ile mitano, akasema kuranti ya kujaribu nusu saa haiko, arudi kesho. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kijana akapanda gari, akarudi na dola zake zote 240. Jioni ile akampa mama yake minervali ya wadogo wawili, akabaki na dola 110.

Sasa ametuandikia tena. Anauliza kama kwa dola 110 anaweza kupata PlayStation 3 ya mutumba na skrini ndogo, na aangalie nini ndani yake asije akanunua iliyokufa. Tutamjibu katika namba inayokuja. Wasomaji wa Kavumu na Katana ambao wana vyumba vya michezo, mtuandikie mbele ya mwisho wa mwezi: mlinunua kwa bei gani, ilidumu muda gani, na kitu gani kiliharibika kwanza?